Komba Aliyelia Vizuri

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa, nasi je?

Nasi tupo!

Mpo kwa masikio au mpo kwa matumbo?

Kwa yote mawili!

Basi sogeeni, acheni kunong'ona. Ngano ya leo ni ya hasira, na mwenye kuisimulia ana hasira pia, kwa hiyo asiniingilie mtu katikati.

Hapo kale, kale ya kale, wanyama walipokuwa bado wakiamkiana na kuulizana habari za nyumbani, palikuwa na nchi moja nzuri. Ilikuwa na kijito, ilikuwa na mwitu, ilikuwa na uwanja wa baraza. Ikaingia njaa. Si njaa ya kukosa kitoweo, hapana, njaa yenyewe. Mtama ukakauka shambani, matunda yakapukutika mabichi, nyasi zikawa vumbi. Ukilala, njaa. Ukiamka, njaa. Ukicheka, ujue ni njaa inakuchekesha.

Kikabaki kitu kimoja tu chini ya ardhi: ndiga. Mnaijua ndiga? Ni kiazi cha mwituni, kinene, cheupe, kinapendeza macho. Na ni sumu! Ukikila hivi hivi kinakuchoma ulimi, kinakupindua tumbo, kinakulegeza miguu. Na kama wewe ni mdogo, basi tena. Lakini ndiga hiyo hiyo, ikipita mikononi mwa anayeijua, ni chakula kama vyakula vingine.

Aliyeijua alikuwa Bi Nungu. Alichimba, akakata vipande vyembamba kwa meno yake, akavitia kapuni, akalizamisha kapu kijitoni penye maji yanayokwenda. Kisha akakaa ukingoni akivigeuza, anageuza na kugeuza. Kila mara alichota maji ya kapu kwa kibuyu, akakitikisa sana. Maji yakitoa povu, bado. Maji yakitulia bila povu, tayari. Na alipofanya kazi hiyo alikuwa akisema:

"Kata, loweka, geuza, ngoja povu.
Povu likikatika, mwite mwanao ale."

Na nchini mle palikuwa na desturi. Kapu likitoka majini, hali mtu mpaka mlowekaji afungue kapu. Anakaa mkekani mbele ya watu wote, anakula yeye kwanza, watu wanamtazama. Akisimama mzima, ndipo wengine wanyooshe mikono. Bi Nungu alikuwa amefungua makapu tangu usichana wake, na hakuna aliyekula kapu lake akaumwa hata kichwa.

Ila alikuwa na mdomo. Nisiwafiche. Siku moja Ngiri alijitia fundi, akaloweka kapu lake mwenyewe, akawaita wakwe zake waje wale. Bi Nungu akapita, akachota maji, akatikisa, povu tele. Akalibwaga kapu zima vumbini mbele ya wakwe. "Ngiri, unataka kuua watu?" Akaenda zake, hata pole hakusema. Ngiri akatahayari, akaliweka jambo lile rohoni likakaa huko likivimba.

Haya, Bi Nungu alikuwa na mdomo. Nimekubali. Sasa niambieni ninyi, mdomo unaua? Ndiga ndiyo inaua!

Njaa ilipokuwa imekolea, jumbe wa nchi, Mzee Tohe, akafa. Ikabidi baraza likae, achaguliwe jumbe mwingine, maana jumbe ndiye mwenye amri juu ya chakula cha watu wote.

Siku zile Bi Nungu alikuwa na jambo lake moja tu duniani. Alikuwa na mjukuu, jina lake Mwiba, mtoto wa binti yake Chausiku. Kitoto hicho miiba yake bado laini, na mbavu zake unaziona zote. Bi Nungu alikuwa amezamisha kapu kwa ajili yake, akalitenga na makapu ya watu wengine, na yeye mwenyewe akajinyima.

"Bibi, nina njaa."

"Ngoja povu, mjukuu wangu."

"Bibi, nina njaa."

"Ngoja povu, mjukuu wangu."

"Bibi, nina njaa."

Chausiku hakuweza kuvumilia. "Mama! Mtoto analia, na wewe unatikisa kibuyu!"

"Nikimpa leo namuua, Chausiku. Zimebaki siku chache."

"Siku chache, siku chache! Huna hata chozi moja?"

Chozi Bi Nungu alikuwa nalo, lakini mikono yake ilikuwa majini na kapu lilitaka kugeuzwa. Akageuza.

Sasa mleteni Komba.

Komba alikuwa mdogo wa umbo, macho yake makubwa. Alikaa mtini, akila utomvu wa miti, na njaa ile haikumgusa hata ukucha. Ndiga hajawahi kuichimba. Kapu hajawahi kulizamisha. Alichokijua Komba ni kulia. Lo! Komba alikuwa akilia wewe! Alianza chini chini, akapanda, akakatika sauti, akapangusa macho kwa mkia, akaanza tena. Angelia mbele ya jiwe, jiwe lingeomba leso.

Baraza likakaa. Bi Nungu akasimama wa kwanza, akasema kama anavyosema siku zote, kavu.

"Ndiga ina sumu. Sumu inatoka kwa maji yanayokwenda na kwa subira. Chagueni jumbe mnayemtaka, mimi sitaki ujumbe. Ila kapu lolote lisifunguliwe kabla povu halijakatika. Kata, loweka, geuza, ngoja povu. Ni hayo tu."

Watu wakapiga miayo. Kima akajikuna. Kanga, yule mwenye watoto wengi na maneno mengi, akamwambia jirani yake, "Kila siku wimbo ni huo huo."

Komba akapanda juu ya kisiki. Aliwatazama watoto wa watu, mmoja mmoja, mpaka macho yake yakamfikia Mwiba. Hapo akaanza.

"Nalia mimi, nalia nanyi,
njaa yenu i tumboni mwangu!
Nani kawaambia mngoje
na watoto wanakwisha?"

Komba akapangusa macho.

"Ndugu zangu, ardhi hii ni ya nani? Si ya babu zetu? Ndiga hii ni ya nani? Si ya babu zetu? Basi kwa nini tuombe ruhusa ya mtu mmoja tupate kula chetu wenyewe? Eti povu! Povu ni nini? Povu ni maji! Nani hapa ameuawa na povu?"

"Hakuna!" akapiga kelele Ngiri, na lile jambo lililokuwa likivimba rohoni mwake likapata mlango.

"Anatulilia, jamani!" Kanga akasema, na yeye machozi yanamtoka. "Bi Nungu amewahi kutulilia?"

"Hajawahi!"

Bi Nungu akamtafuta binti yake kwa macho. Chausiku alikuwa amemkumbatia Mwiba, analia pamoja na Komba.

Siku ya pili akaja na ushahidi. Akaleta maji ya ndiga mbichi kibuyuni, akaleta na panzi wachache kwenye jani. "Msinisikilize mimi," akasema. "Tazameni." Akawamiminia panzi maji yale. Panzi wakarukaruka, wakalala chali, miguu juu.

Mngedhani watu wangeshtuka, sivyo? Ebo!

"Kawaroga!" akasema Kanga.

"Mimi si panzi," akasema Ngiri, na watu wakacheka, wakampiga mgongoni kwa kusema maneno ya maana.

Na Komba je? Komba akashuka kisikini, akawaokota wale panzi mmoja mmoja, akawapakata. "Maskini wa Mungu! Wamewakosea nini? Oneni roho ya huyu, anaua viumbe ili ashinde maneno!" Akawalilia panzi. Na watu wazima, wenye ndevu na pembe zao, wakamsaidia kulia. Wakachimba kishimo wakawazika.

Bi Nungu akabaki na kibuyu chake mkononi. Alitaka kucheka, alitaka kupiga mtu, hakufanya lolote.

Jioni ile Chausiku akamfuata kijitoni. Alikuja kwa upole, akakaa karibu.

"Mama, nakuomba. Baraza limekubali: kesho Komba anafungua kapu la ndiga isiyolowekwa, na akisimama mzima ndiye jumbe. Kama una hakika na unayosema, simama ulie. Kidogo tu. Watu watakusikia."

"Nilie?"

"Ulie, mama. Waone kwamba unawaonea uchungu."

"Mimi nazuia watu wasife, Chausiku. Sasa nijipake na mate machoni?"

"Basi umekwisha," Chausiku akasema, akainuka. "Kesho mwanangu atakula pamoja na wenzake."

"Wengine na wale, mimi nimechoka nao! Lakini Mwiba niachie. Kapu lake linatoka kesho, adhuhuri haifiki. Niachie mtoto mpaka adhuhuri tu!"

Chausiku akasita. Nawaambia alisita, maana alikuwa mtoto wa mama yake na amekua kwa makapu yale. Lakini kule uwanjani wakaanza kuimba, "Nalia mimi, nalia nanyi," na Mwiba akasema, "Mama, nina njaa," naye akaenda zake.

Asubuhi Bi Nungu akashuka kijitoni. Akaingia maji, akavuta kamba, kapu likaja jepesi. Akalitazama. Tupu! Kimebaki kipande kimoja kimenasa kwenye ukili wa kapu. Akakitafuna: kitamu, safi, kimeiva vizuri. Kapu la Mwiba lilikuwa tayari, na kuna mtu amelikomba.

Hakuuliza ni nani. Akatimua mbio.

Alipofika uwanjani watu wamejaa. Makapu yametandazwa, ndiga mbichi iliyokatwa asubuhi ile ile, nyeupe, maji hata hayajaigusa. Na kwenye mkeka, mahali pa mlowekaji, amekaa Komba, mbele yake jani lenye vipande, anakula. Anakula polepole, anafumba macho, machozi yanamtiririka mashavuni. Alipomaliza akasimama, akanyoosha mikono, akazunguka watu wamwone. Mzima!

"Mmeona?" akasema. "Hakuiloweka mtu!"

Uwanja ukalipuka kwa vigelegele.

"Mwongo!" Bi Nungu akapiga kelele. "Hivyo alivyokula ni vyangu! Vimetoka kapuni mwangu kijitoni! Tazameni vilivyobaki kwenye jani, vina alama ya meno yangu! Onjeni muone, havina uchungu! Kisha onjeni hizo zenu!"

Kima akainama, akatazama jani. Aliziona alama. Naapa aliziona, maana meno ya nungu hayafanani na kitu kingine chochote. Akainua kichwa, akawatazama watu, akamtazama Komba analia, akasema, "Hata kama ni vyake, kwani kuna nini? Huyu angalau ana moyo."

Mmesikia? Hata kama ni vyake, kwani kuna nini! Mimi nikifika hapa kwenye ngano hii huwa natamani kuingia ndani yake na fimbo.

Bi Nungu akajaribu kulia. Ndiyo, pale pale alijaribu, kwa ajili ya Mwiba angefanya lolote. Akakunja uso, akavuta pumzi. Lakini hasira ilikuwa imetangulia, na miiba yake yote ikasimama, ikagongana, kacha-kacha-kacha.

"Anatutisha!" Kanga akalia. "Anataka kutuchoma!"

Ngiri na ndugu zake wakachukua magogo, wakamsukuma nayo kutoka mkekani, wakamsukuma kutoka uwanjani, wakambana kwenye kichuguu. Kutoka pale aliweza kuona kila kitu. Aliona Komba akigawa. Aliona Kanga akiwagawia watoto wake. Aliona Chausiku akimkalisha Mwiba chini, akimpa kipande.

Mwiba akauma. Akakunja uso. "Mama, kinawasha."

"Meza, mwanangu."

"Mwiba, tema!" Bi Nungu akapiga ukelele. "Mjukuu wangu, tema!"

Mtoto akageuka, akamwona bibi yake kule nyuma ya magogo. Akaacha kutafuna.

"Meza," Chausiku akasema tena. "Utashiba."

Mtoto akameza, kwa sababu ni mtoto na ameambiwa na mama yake.

Jua halijapinda, matumbo yakaanza. Ngiri akaanguka akitapika, gogo likamwangukia mguu. Kima akashika ulimi kwa mikono miwili. Watu wakajikunjakunja uwanja mzima, wakaita, "Komba! Komba! Jumbe wetu!" Komba alikuwa amekwisha kupanda mti, juu kabisa penye majani mengi, na huko juu utomvu ulikuwa mwingi.

Bi Nungu akayaruka magogo, akambeba Mwiba, akakimbilia kijitoni. Akamnywesha maji mpaka akatapika, akamnywesha tena, akamsugua miguu. Akasema naye, akamwita kwa jina, akamwimbia lile la "kata, loweka" kwa kuwa hakujua wimbo mwingine. Wakubwa walitapika wakapona. Wadogo hawakuwa na nguvu za kushindana na sumu. Jua lilipozama Mwiba alikuwa amelegea mikononi mwa bibi yake, na hakuamka. Watoto wa Kanga wakafa, akabaki mmoja. Watoto wa Kima nao wakafa, akabaki mmoja.

Asubuhi yake wakazika. Watu wakasimama makaburini, wamevimba midomo, hawatazamani. Mara Komba akashuka mtini.

Akalia!

Jamani, hajawahi kulia vile. Aligaagaa kwenye udongo. Alitaja jina la kila mtoto. Alijitupa juu ya kaburi la Mwiba wakamvuta na kumshika.

Na watu wakasemaje? Watu walewale, midomo imewavimba, wakasema, "Mwoneni alivyoumia. Mwoneni, analia kuliko hata wenye watoto." Kisha wakamgeukia Bi Nungu, aliyesimama wima, macho makavu, na udongo wa kaburi la mjukuu wake mikononi. "Na wewe, mbona hulii?"

Chausiku akasema. Ulimi wake ulikuwa umeungua na maneno yalitoka kwa taabu. "Alichokula Komba kilikuwa cha mwanangu. Kilikuwa tayari. Mwanangu angekula jana adhuhuri. Amekula yeye."



Ngiri akakohoa. "Sasa hivi si wakati wa kutafuta mchawi," akasema. "Wote tuna msiba. Na kama ni kosa, hata Bi Nungu ana lake. Angetuambia vizuri, kwa upole, si tungemsikia?"

"Kweli," wakasema watu. "Hakutuambia vizuri."

Na siku hiyo hiyo, miguu ina udongo wa makaburi, wakamtawaza Komba awe jumbe. Kwa sababu alilia vizuri!

Bi Nungu akamshika binti yake mkono, wakaenda kuishi mbali, ng'ambo ya kijito. Walipofika Chausiku akaanza kuchimba ndiga bila kuambiwa, na mama yake akakaa kando yake akimwonyesha namna ya kukata.

Njaa haikuwa imekwisha. Haukupita muda, Kanga akaja, kajitanda nguo usoni asijulikane, anamburura yule mtoto wake mmoja aliyebaki. "Bi Nungu, shoga yangu. Nisaidie. Ila usimwambie mtu kwamba nimekuja, jumbe atanuna."

Bi Nungu akamtazama mtoto. Akatia mkono kapuni, akatoa kipande kilichoiva, akakila kwanza yeye, akampa mtoto kingine. Mtoto akala, akashiba. Kanga naye akanyoosha mkono.

Hapo Bi Nungu akageuka. Akampa Kanga mgongo, akasimamisha miiba yote. Kanga akasubiri, akabembeleza, akalia sana, mgongo haukugeuka. Akaja Kima na mtoto wake, mtoto akalishwa, Kima akapewa mgongo. Akaja Ngiri anachechemea, na yeye hivyo hivyo. Watoto walikula wote. Hakuna mtoto aliyekufa tena kwa ndiga nchini mle.

Ndiyo maana mpaka leo ukimsogelea nungu, hakupi uso. Anakugeuzia mgongo na miiba imesimama, na wewe unasema ni mkali. Ungemuuliza kwanza alifanywa nini.

Ngano yangu inasema hivi: anayelia nawe mshukuru, mpe na kitambaa ajipanguse, lakini chungu cha watoto usimpe. Chungu mpe anayejua kupika, hata kama amekununia, hata kama amekutukana mbele ya wakwe. Mkikosea hilo msije mkasema hamkuambiwa vizuri. Mliambiwa!

Imefika mwisho wake, nami nimefika mwisho wangu. Iliyowapendeza ichukueni mwende nayo nyumbani, iliyowauma iacheni hapa nilale nayo mimi.

Na wewe huko nyuma unayepangusa macho, ni nani? Ukinililia hapa, kura yangu hupati.